Kuziba njia za hita kwenye Beetle na magari mengine ya zamani: maswali ninayoulizwa kila siku

Mimi natembea na Volkswagen Beetle ya mwaka 1968, rangi ya maziwa, na nikisimama tu Ndeeba hapa Kampala au pale wanapoosha magari lazima mtu aje aulize. Wengine wana Beetle ya mzee iliyokaa nyuma ya nyumba miaka ishirini, wengine wamenunua juzi na miguu inaungua. Maswali ni yaleyale, kwa hiyo nimeyaandika yote hapa, nikichoka kuongea namwonyesha mtu simu. Mengi ni ya Beetle, ya Land Rover na Peugeot yako chini.

## Mambo ya mwanzo

Gari halina radieta, hita inatoka wapi?

Kwenye ekzosi. Beetle inapozwa na upepo, nyuma kuna feni kubwa ndani ya kava ya bati, ile feni inapuliza hewa kwenye silinda. Hewa kidogo inatolewa pembeni kwa hosi mbili, kulia na kushoto, inashuka mpaka kwenye hita boksi, yaani yale mabati yamevaa paipu za ekzosi huku na huku chini ya injini. Hewa ikipita pale inapata moto. Ikitoka inakutana na kilango. Kilango kikiwa wazi moto unaingia ndani ya gari kupitia mifereji iliyo chini ya milango, kikifungwa hewa inamwagwa nje chini ya gari. Hicho kipande cha mwisho kishike vizuri, maswali karibu yote huko mbele yanarudi hapo.

Sasa kwa nini nizibe, si nafunga tu na ile levya?

Kama levya yako inafanya kazi, funga uende zako. Shida ni kwamba gari lina miaka hamsini na kitu, nyaya zinazovuta vile vilango zimeshika kutu ndani ya paipu zake, levya iliyo karibu na handbreki inanyanyuka kama imekufa na huko chini hakuna kinachosogea. Kilango kimegandia wazi, na wewe uko Gulu saa nane mchana mwezi wa pili. Banange.

Halafu vumbi. Barabara ya murram, yaani ya udongo mwekundu bila lami, tuseme unaelekea Moroto, kama hosi zile za chini zimetoboka, gari linavuta vumbi jekundu na unafika umekuwa tofali. Wengine wanaziba kwa sababu ya harufu (hiyo ina swali lake chini, lisome kabla hujaziba kitu), wengine kwa sababu ya panya.

Kuna njia rahisi kuliko kuziba?

Ipo, na makanika wengi hawakuambii kwa sababu haina pesa. Ingia chini gari likiwa limepoa, tafuta kilango mbele ya kila hita boksi, utaona mkono mdogo wa chuma ambao waya umefungwa. Legeza ule waya, paka mafuta, sukuma mkono kwa bisibisi mpaka kilango kifunge, kisha kifunge hapohapo na waya wa kufungia nondo, ule wa mafundi wa ujenzi. Fanya pande zote mbili. Kazi ya nusu saa, na siku ukitaka hita unakata waya.

Hii inakubali kama kilango bado kina bati. Kikiwa kimeliwa na kutu mpaka unaona mwanga upande wa pili, hapo ndiyo tunaingia kwenye kuziba.

## Mahali pa kuziba

Nizibe wapi hasa?

Hapa ndipo watu wanaharibu. Mtu anaona hewa moto inatoka miguuni anasukuma tambara pale miguuni. Umeziba mdomo lakini tumbo bado limejaa, moto unakaa kwenye mifereji ya milango na unatafuta tundu lingine, na kwenye Beetle matundu hayakosi.

Anza na kujiuliza vilango vinafunga au havifungi. Vikifunga, usiguse upande wa feni kabisa. Acha feni ipulize, hewa ipite kwenye hita boksi, imwagike nje kama kiwanda kilivyotaka. Wewe unachomoa ile hosi inayotoka kwenye kilango kwenda kwenye bodi, na lile bomba la bodi unalivalisha kifuniko kwa nje, unakaza na klipu ya hosi. Basi. Hita boksi linaendelea kupoa, na ndani hakuingii moto wala vumbi. Mimi gari langu liko hivi mwaka wa nne sasa.

Vilango vikiwa vimekufa wazi, hewa ikifika kwenye bodi na kukuta kifuniko inagota, inakaa ndani ya hita boksi inachemka tu, na kifuniko chenyewe kinaiva. Hapo lazima uzibe na juu, kwenye zile tundu mbili za kava ya feni, ili hewa isishuke kabisa. Kwa hiyo ni sehemu tatu: kava ya feni, matundu ya bati (swali linafuata), na bodi. Ukifanya moja ukaacha mbili umejitafutia shida mpya.

Matundu gani ya bati?

Yale ambayo hosi za hewa zinapita kushuka chini, kwenye bati la nyuma ya injini. Ukitoa hosi unabaki na mashimo mawili ya wazi. Watu hawayaoni kama ni kitu. Lakini yale mabati yanayozunguka injini kazi yake ni kutenganisha hewa baridi ya juu na hewa moto ya chini, na feni inavuta kutoka juu. Ukiacha mashimo, feni inanyonya moto wa ekzosi kutoka chini na kuupuliza tena kwenye silinda. Injini inachemka, na kwa kuwa Beetle nyingi hazina geji ya joto utajua siku imegoma kabisa. Kata vipande vya bati, weka skrubu, pakaza silikoni ya gaskiti ya kuvumilia moto, umemaliza.

Nikiziba kwenye feni injini si itachemka?

Hapana, kinyume chake. Hewa iliyokuwa inaenda kwenye hita inabaki kwa ajili ya silinda. Usitegemee muujiza tu, na usizibe upande mmoja ukaacha mwingine. Kinachochemsha injini ni yale mashimo ya bati hapo juu, watu wanasahau halafu wanasema kuziba ndiko kumeua injini.

Hasara iko kwa hita boksi lenyewe. Bila hewa ya kupita linakuwa moto zaidi kuliko lilivyozoea, kwa hiyo usiache nyaya, hosi za petroli au kitu cha plastiki karibu nalo.

Nizibe kwa ndani ya bomba au kwa nje?

Nje. Kila mara nje. Kifuniko kilichovaa bomba kwa nje na klipu juu yake hakiwezi kuingia mahali, kikilegea kinaanguka barabarani na utajua. Kitu ulichosukuma ndani kinaweza kuzama, na kwenye kava ya feni kikizama kinakutana na feni inayozunguka. Sitaki kukwambia sauti yake.

## Vitu vya kuzibia

Makanika ameweka kaveera (mfuko wa plastiki) na matambara, inatosha?

Nikusimulie. Mara ya kwanza nilipotaka kuziba nilimwachia kijana mmoja wa gereji ya mtaani, akaniambia mzee usijali, nikalipa, nikaenda zangu Masaka. Karibu na Kayabwe, pale kwenye mstari wa ikweta, nasikia harufu ya kaveera inaungua, mara moshi unatoka chini ya kiti cha nyuma. Nikapaki haraka. Watalii walikuwa pale wanapiga picha ya mstari, wakageuka wakaanza kunipiga picha mimi. Kuchungulia, kumbe jamaa alisokota kaveera na kipande cha gunia lenye grisi akasukuma ndani ya bomba kwa kijiti.

Kwa hiyo hapana. Kaveera linayeyuka, tambara lenye oili linawaka, na kiti cha nyuma cha Beetle kimejazwa vitu vinavyoshika moto na betri iko chini yake. Selotepu nayo vilevile, gundi inakuwa uji siku ya kwanza tu.

Gunzi la mahindi? Jerikeni tunaziba nalo.

Jerikeni ni la maji. Gunzi kavu ni kuni, na byai, yale maganda makavu ya migomba, ni kibiriti kabisa. Ukiwa porini hosi imechomoka na vumbi linaingia, upande wa bodi unaweza kusukuma gunzi bichi ufike mjini, hita ikiwa imefungwa. Ukifika toa. Sijasema ukae nalo mpaka Krismasi.

Basi nitumie nini?

Bati. Kopo la maziwa ya unga au la rangi ambalo mdomo wake unakaribia kipenyo cha bomba, unalikata kimo cha vidole viwili, unapasua kingo vipande vipande ili libane, unaweka klipu. Au nenda Katwe, Kampala, kwa wale wanaotengeneza sigiri, majiko ya makaa, mpe kipimo, atakufulia kikombe cha bati saizi yako ukiwa unasubiri, na bei yake haizidi chakula cha mchana. Pima kwanza, na pima mabomba yote, kwa sababu la kwenye feni na la kwenye bodi si lazima yalingane, na Beetle nyingi hapa zina vipande vya miaka tofauti vilivyochanganywa.

Upande wa bodi, ambao uko mbali kidogo na ekzosi, raba nzito inafaa pia. Mimi kule nimeweka duara la raba ya lugabire, lile tairi la kushonea kandambili, nikalikalisha ndani ya kikombe cha bati kama gaskiti. Halijapasuka mpaka leo. Upande wa feni hewa ni baridi, raba haina shida, ila usiiweke popote inapogusana na hita boksi.

Kifuniko cha paipu ya plastiki ya maji?

Kwenye kava ya feni sawa, kikishika vizuri. Kwenye bodi sawa kama upande wa feni nao umezibwa, maana hapo hakuna hewa moto inayofika. Kwenye hita boksi lenyewe, sahau, plastiki ile inalainika mapema sana.

Mpira wa tenisi je, nimeona mtu ameweka.

Hata mimi nimeona. Mpira wa tenisi una kipenyo cha sentimita 6.5 mpaka 6.9, kwa hiyo ukiusukuma kwenye bomba dogo kidogo unabana kweli. Unafaa kwa majaribio, ukitaka kujua kama vumbi linapita huko au kwingine. Kwa kudumu, soma lile swali la ndani na nje.

## Harufu, moshi na mambo ya kufa

Nasikia harufu ya ekzosi ndani. Nikiziba itaisha?

Harufu inaweza kuisha. Sumu usiihesabu hivyo. Kama hita boksi limetoboka kwa ndani, au gaskiti ya ekzosi imeenda, moshi unachanganyika na hewa ya hita, na ndani ya moshi huo kuna kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi. Kichwa kinauma, unasinzia, unadhani ni uchovu wa safari. Ukiwa na watoto nyuma wamelala ndiyo hutajua kabisa.

Kuziba kunasaidia moshi usipite njia ya hita, lakini bodi ya zamani ina matundu mia. Tengeneza kwanza. Washa injini ikiwa baridi, mtu azibe mdomo wa ekzosi na kitambaa kilicholowa kwa sekunde chache, wewe sikiliza chini, panapovuja patalia tsss, na mara nyingi utaona masizi meusi hapohapo. Mpaka utengeneze, madirisha wazi. Hata mvua ikinyesha.

Na harufu ya oili?

Hiyo kawaida ni kava za valvu zinavuja, au zile paipu za pushrodi (vyuma vinavyosukuma valvu), oili inadondoka kwenye hita boksi na inakaangika. Badilisha gaskiti na sili. Ukiziba tu, unaendelea kukaanga oili, sema sasa huisikii.

Harufu ya petroli?

Simamisha gari. Feni inavuta hewa ya chumba cha injini na hita inaileta ndani, kwa hiyo hita ikikupa petroli maana yake hosi ya petroli inavuja juu ya injini yenye moto. Beetle zinaungua namna hiyo. Ukiziba njia ya hita hapo umezima kengele. Badilisha hosi zote na klipu zake leo. Kama harufu inatoka mbele, angalia tangi, maana liko mbele.

## Mvua na baridi

Nikiziba, kioo kitakuwa na ukungu?

Ndiyo, kwa sababu hewa ya kufuta kioo cha mbele inatoka kwenye njia hiyohiyo. Kampala mvua ikipiga na mko watu wanne ndani mnapumua, hamuoni kitu. Fungua vile vidirisha vidogo vya pembetatu, kioo kioshwe kwa ndani kisiwe na mafuta ya sigara na vumbi, na kitambaa kikavu kiwe karibu. Wengine wanapaka povu la kunyolea ndevu na kulifuta, linasaidia kidogo.

Mimi niko Kabale.

Basi wewe usizibe, rafiki yangu, tengeneza nyaya. Kule asubuhi utaililia hita. Au weka vifuniko upande wa bodi tu, vya kutoa kwa bisibisi.

## Magari mengine

Beetle yangu ni ya kabla ya 1963.

Ngoja, usiguse chochote bado. Zile za zamani hazina hewa ya pembeni kama nilivyoeleza mwanzo, zinachukua hewa ambayo imeshapita kwenye silinda ndiyo inaenda ndani, ndiyo maana zinanuka oili hata zikiwa nzima. Ukiziba karibu na injini unaweza kuizuia hewa ya kupoza silinda isitoke. Hakikisha vilango vimefungwa ili hewa imwagike nje, kisha weka kifuniko upande wa bodi peke yake. Na tafadhali zitunze, Volkswagen za aina hiyo ndizo zilishinda Safari Rally, ya 1962 ilichukuliwa na Tommy Fjastad, na enzi hizo walikuwa wanapita mpaka huku Uganda.

Kombi ya zamani, ile basi ndogo ya Volkswagen?

Akili ni ileile, ila kuna bomba refu chini ya gari kwenda mbele. Ziba mwanzo wake huko nyuma, usizibe mbele kwa dereva, utabaki na bomba zima la moto chini ya abiria.

Land Rover, Morris Minor, Peugeot 504, hizi zenye maji?

Hapa moto unatoka kwenye maji ya injini yanayopita kwenye radieta ndogo ya hita. Usihangaike na hewa, kata maji. Kama kuna koki kwenye injini ifunge. Koki ikiwa imekufa, toa hosi mbili kwenye hita, ziunganishe pamoja na kipande cha paipu ya kopa chenye kipenyo cha hosi, klipu mbili, maji yanazunguka yanarudi. Watu wanapenda kuziba hosi kwa bolti. Kuna injini ambazo mzunguko wa maji wakati thamostati (valvu inayozuia maji yasiende kwenye radieta injini ikiwa baridi) imefungwa unategemea njia hiyo, kwa hiyo unganisha tu, uwe salama.

Ukitaka kuzuia vumbi peke yake kwenye Land Rover, zile hosi mbili za kwenda kwenye kioo zinazibika hata kwa sponji, hapo hakuna moto wa ekzosi.

Nikiikata, ile hila ya kuwasha hita injini ikichemka kwenye mlima si nitaikosa?

Utaikosa, kwa gari la maji. Ile radieta ndogo inasaidia kweli ukiwa unapanda milima ya Kigezi na sindano inapanda na wewe, ndiyo maana mimi kwenye 504 ya shemeji yangu nilitengeneza koki badala ya kukata. Kwenye Beetle hila hiyo haipo, feni inapuliza hewa ileile hita ikiwa wazi au imefungwa.

## Ya pembeni pembeni

Mtu ametoa hita boksi akaweka paipu tupu za ekzosi. Bado niguse kitu?

Sana. Kava ya feni bado ina tundu mbili zinatupa hewa bure, zizibe. Matundu ya bati, yazibe. Bodi, ziba. Nimeona gari tatu hivi hapa Kampala zimewekewa paipu nzuri za kung'aa na tundu za feni ziko wazi, mwenye gari analalamika injini ina moto.

Panya wameingia kwenye mifereji.

Ukiziba wakiwa ndani utaijua harufu ya wiki ya pili. Pulizia hewa ya kompresa kutoka mbele kwanza, utatoa majani, maganda ya karanga, na mimi nilitoa soksi ambayo si yangu. Halafu chini ya kile kifuniko cha bodi weka wavu wa chuma wenye matundu madogo, siku ukitoa kifuniko panya bado hawapiti.

Mifereji ya milango haitashika kutu nikiziba pande zote?

Itashika, ndiyo maana usizibe mbele. Yale mabati ndiyo yanashika gari lisikunjike, na maji yanaingia kila ukiosha. Ziba nyuma tu, mbele kuache kupumue.

Nimeziba kila kitu ulichosema na bado mguu unaungua.

Kuna kifuniko kimechomoka, nenda kakiguse. Kama vyote vipo, toa kiti cha nyuma, mtu awashe injini na wewe pitisha mkono kwenye ukuta wa injini, raba za pale nyaya na paipu zinapopita huwa zimeoza na hewa moto inapenya. Usiku ni rahisi zaidi: mtu aweke tochi upande wa injini, wewe kaa ndani gizani, kila nukta ya mwanga ni kazi ya kesho.